Mpira mpe kompyuta, mwili mpe mkono

Najua nimekuwa kimya, na wawili watatu wenu mmeuliza kama blogu hii imekufa. Haijafa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ni heri akae mbali na kibodi. Sasa imepoa kidogo. Leo hakuna somo la Python wala maelezo ya kuweka Linux kwenye kompyuta kuukuu. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi watu wa kompyuta. Mimi mwenyewe nimo.

Siku hizi kijana yeyote wa Nairobi anayetaka kutengeneza katuni anaambiwa jambo moja: achana na penseli. Penseli ni ya darasa la tatu. Nunua kibao cha kuchorea, lipia programu, pakua mifupa iliyokwisha kutengenezwa, buruta huku, buruta kule, katuni inatembea. Na tangu zije hizi akili bandia za kutengeneza video, wengine wanasema hata kuburuta ni kujisumbua, andika sentensi tu. Wanaosema hivyo mara nyingi ni wenzangu wenye digrii ya kompyuta, watu ambao hawajawahi kuchora hata kuku. Nasema wamekosea. Sisemi hivyo kwa sababu naipenda sana karatasi. Nasema kwa sababu nilijaribu njia yao nikaaibika mbele ya watu wa Kiamaiko.

Kipa mwenye gambuti

Kwa msiopajua: Kiamaiko ni mtaa wa Eastlands, jirani na Huruma na Mathare. Mtu wa Nairobi akitaja Kiamaiko, neno linalofuata ni mbuzi. Mbuzi wanashushwa kutoka kwenye malori, wengi wao wametoka kaskazini mwa nchi, wanachinjwa, na nyama inaenda mjini. Wafanyabiashara wengi pale wana asili ya huko kaskazini, Waborana wakiwemo. Vijana wa machinjioni huvaa makoti meupe na gambuti, na kazi ikiisha kuna mpira.

Mwaka jana kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitaka katuni ya sekunde 30 ya kutangaza mashindano ya mpira mtaani. Kazi nikaichukua mimi pamoja na jirani yangu, fundi anayechora mbuzi na ng'ombe kwenye kuta za bucha. Tukaamua mhusika awe kipa, kijana wa machinjioni anayedaka akiwa bado na gambuti miguuni. Jina tukampa Dida. Utani wake una pande mbili: Dida ni jina la Kiborana, na pia ndilo jina la yule kipa Mbrazili wa AC Milan aliyepangua penalti tatu za Juventus katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2003. Mtaani hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Sasa sikieni kosa langu. Nilimwambia fundi anichoree Dida mara moja tu, akiwa amesimama, kisha aniachie. Nikamkata Dida vipande kwenye kompyuta: kichwa, kiwiliwili, mapaja, miundi, gambuti. Nikamvisha mifupa niliyopakua mtandaoni, yenye mwendo wa kukimbia na kuruka tayari ndani yake. Siku tatu, kazi imekwisha. Nikajiona bingwa.

Nikaenda kuionyesha kwa simu kwenye kibanda cha chai karibu na machinjio. Vijana wakaitazama mara mbili, mara tatu. Hawakucheka. Mmoja akanirudishia simu akasema, "Huyu hajawahi kuvaa gambuti."

Hiyo ndiyo tathmini kali kuliko zote nilizowahi kupata, pamoja na zile za chuo kikuu. Na alikuwa sahihi. Gambuti ni nzito na mguu unacheza ndani yake. Ukiinua goti, mguu unapanda kwanza, gambuti inabaki nyuma kidogo halafu inafuata. Ukitua, gambuti inagonga chini kwanza, mguu unatua ndani yake baadaye. Mwenye kudaka nazo hawezi kuruka kwa vidole. Anajisukuma kwa wayo mzima na kuangukia nyonga. Dida wangu aliruka kama mtu mwenye njumu mpya kwenye nyasi za Ulaya. Mwendo ule ulitengenezwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Kompyuta inafanya nini kati ya michoro miwili?

Hapa niruhusuni niwe mwalimu kidogo, maana ugomvi bila hesabu ni kelele.

Katika uhuishaji, yaani kazi ya kuipa michoro uhai, mchoraji huanza na mikao mikuu: mwanzo, kilele, mwisho. Kisha huchora ya katikati ili kuiunganisha. Sinema huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na katuni nyingi za mkono hutumia michoro 12, kila mmoja ukikaa fremu mbili. Kwa hiyo sekunde 30 ni michoro 360. Kazi hiyo inachosha kweli, ndiyo maana kompyuta iliposema "niachieni ya katikati" watu walishangilia.

Lakini kompyuta inajua nini kuhusu katikati? Haijui kitu. Inachukua wastani. Chora mkono wa sentimita 10 unaoelekea kulia, kisha uuchore ukielekea juu. Chukua nukta iliyo katikati ya zile ncha mbili, uiunganishe na bega, upime. Utapata sentimita 7 na kidogo. Jaribu kwa rula. Ni Pythagoras yule yule wa shuleni. Mkono umesinyaa njiani kwa sababu ncha yake imepita njia ya mkato, na mkono wa binadamu haupiti njia ya mkato. Unazunguka kwenye bega.

Ndipo tukaleta mifupa: badala ya wastani wa ncha, wastani wa pembe za viungo. Mkono hausinyai tena, lakini sasa unafunguka kama mlango kwenye bawaba. Bega, kiwiko na kiganja vinaanza pamoja na kumaliza pamoja. Tukaongeza hesabu ya kuanza polepole na kumaliza polepole. Vizuri, mlango umepakwa mafuta. Bado ni mlango. Binadamu akiruka kudaka, nyonga inatangulia, bega linafuata, kisha kiwiko, na vidole vinakuja mwisho. Akiwa na gambuti, miguu nayo ina ratiba yake. Unaweza kuyaandika yote hayo kwa hesabu, sikatai. Ila wa kuyaandika lazima kwanza ayaone, na aliyeyaona alikuwa fundi wa bucha, si mimi mwenye digrii.

Penalti ni michoro mitano

Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira ukienda mita 25 kwa sekunde, unafika golini baada ya sekunde 0.44. Kwa michoro 12 kwa sekunde, hiyo ni michoro mitano. Mitano tu! Ndani yake Dida lazima asite, aegemee, ajisukume, anyooke, aguse mpira. Ukimwachia kompyuta mitatu ya katikati, zaidi ya nusu ya penalti nzima ni wastani wa kitu na kitu kingine.

Kwa mpira wenyewe mambo ni kinyume kabisa. Mpira ukishaondoka mguuni hauna woga, hauna uchovu, hauna gambuti. Una mwendo ulioanza nao, uvutano, mzunguko na upepo. Mistari kumi ya programu inaupeleka vizuri kuliko mkono wowote, na ukitaka uende kona nyingine unabadilisha namba moja. Kuchora mpira huo kwa mkono mara kumi ni kujitesa bila faida. Wavu ni hivyo hivyo. Vivuli hivyo hivyo, na kusogea kwa kamera pia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hiyo iliyo juu ya ukurasa: mpira mpe kompyuta, mwili mpe mkono. Kitu kinachofuata sheria za fizikia peke yake, kompyuta ikifanye. Kitu chenye uzito, tabia na viatu vya mtu, kichorwe na aliyewahi kumtazama mtu huyo.

Tulivyorudia kazi

Kwa wanaotaka kujaribu, hivi ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Hakuna cha ghali hapa.

Tulimwomba kijana mmoja aruke na gambuti zake kwenye kiwanja cha vumbi, tukampiga video kwa simu. Fundi hakunakili juu ya video. Aliitazama mara nyingi, akaizima, kisha akachora. Alisema akinakili anachora nguo, na yeye anatafuta uzito.

Meza ya mwanga ilikuwa kioo cha dirisha juu ya kreti mbili za soda, balbu ya LED chini yake. Karatasi za A4 tulizitoboa kwa mashine ya kutobolea ya ofisini, tukazipachika kwenye misumari miwili iliyopigiliwa ubaoni ili kila mchoro ukae mahali pamoja. Kila karatasi ilikuwa na miraba minne midogo myeusi kwenye pembe.

Skana hatukuwa nayo. Simu ilifungwa kwenye kibao cha mbao kwa urefu usiobadilika, mwanga ukitoka dirishani. Nikaandika programu fupi ya Python, nikitumia OpenCV, inayotafuta ile miraba minne, kunyoosha picha, kuondoa kivuli cha karatasi na kubakiza mstari wa penseli. Hapo ndipo digrii yangu ilipofaa. Fundi alikuwa akipoteza nusu saa kusafisha mchoro mmoja, programu ikawa inasafisha mia moja tukinywa chai.

Kupaka rangi na kupanga mfuatano tulitumia OpenToonz. Ni programu huria tangu 2016. Kabla ya hapo iliitwa Toonz, na Studio Ghibli ya Japani iliitumia tangu enzi za Princess Mononoke ya 1997. Leo unaipakua bure. Kwa hiyo anayekwambia huwezi kuanza bila kulipia programu kila mwezi, ama hajui au anauza.

Dida anaonekana kwa sekunde 18 katika zile 30. Kwa hesabu ni michoro 216, lakini kuna mahali anasimama tuli, kwa hiyo tulichora 131. Hata nusu ya rimu hatukuimaliza. Mpira, wavu, vumbi na kamera vilikuwa kazi yangu. Siku nane.

Tukarudi kwenye kile kibanda. Yule kijana akaitazama, akawaita wenzake. Safari hii hakutaja gambuti. Alisema Dida amewahi mno kuegemea kulia, na penalti ingepigwa kona ile nyingine angefungwa. Wenzake wakambishia. Niliondoka wakiendelea kubishana kuhusu uamuzi wa kipa ambaye hayupo duniani.

Wakubwa hawakuitupa penseli

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya watu wasio na vifaa. Basi twende kwa wenye vifaa.

Mwaka 2017 ilitoka filamu fupi iitwayo Dear Basketball, ya kumuaga Kobe Bryant uwanjani. Aliyeielekeza ni Glen Keane, aliyekuwa mchoraji wa Disney kwa miaka mingi. Kobe wa mle ndani amechorwa kwa penseli, na mistari imeachwa ionekane. Mwaka 2018 ikapata Oscar. Walikuwa na pesa za kumtengeneza Kobe kwa 3D mpaka jasho lionekane. Walichagua penseli.

Japani, mwaka 2022, Takehiko Inoue alitoa The First Slam Dunk, filamu ya mpira wa kikapu. Pale walitumia kila kitu: wachezaji halisi walivalishwa vifaa vya kunasa mwendo, kompyuta ikajenga 3D, kisha mkono ukarudi juu ya kazi ya kompyuta kusahihisha nyuso na mikao. Hawakuiacha kompyuta iseme neno la mwisho kuhusu mwili wa mchezaji.

Na hapa nyumbani? Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, ilitengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na Tiger Aspect ya Uingereza. Sura yake yote imetoka kwenye brashi ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Kompyuta ilifanya kazi kubwa mle, lakini brashi ndiyo iliyotangulia.

Katika michezo sisi tulikua na Supa Strikas, kijarida cha Afrika Kusini ambacho baadaye kikawa katuni ya televisheni. Nilikipenda mno. Lakini Shakes na wenzake wanacheza kwenye viwanja vikubwa vyenye taa. Jirani yetu hapa Mathare kuna MYSA, inayochezesha watoto tangu 1987, na Mathare United iliyotoka humo ikabeba ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Watu wamejifunza mpira hapa kwa vizazi, kwenye changarawe na mteremko. Mwendo huo wa changarawe nani ameuweka kwenye katuni? Kwenye maktaba za mifupa ya kupakua haumo. Nimetafuta.

Majibu kwa wanaobisha

"Mkono unachukua muda." Kweli. Siku nane si siku tatu. Lakini zile siku tatu zilizaa kitu ambacho walengwa wake walikikataa kwa sentensi moja. Hiyo si haraka, ni hasara iliyokuja mapema.

"Akili bandia itafanya." Niliijaribu, zaidi ya mara ishirini. Nilipoomba kipa wa Nairobi mwenye gambuti, nilipata gambuti zinazong'aa na kipa anayeruka kama hana kitu miguuni. Sishangai. Mashine hizo hujifunza kutokana na picha zilizopo, na kilicho kingi kwenye picha ndicho kinachorudi. Ule wastani niliousema wa nukta mbili, huu ni ndugu yake mkubwa: wastani wa dunia nzima. Kiamaiko si wastani wa dunia.

"Basi kompyuta inaharibu sanaa." Ninyi nanyi mnanichosha. Kuna wachoraji wanaoona fahari kufuta vivuli vya karatasi mpaka usiku wa manane na kuchora wavu kamba kwa kamba, halafu wanalalamika kwamba katuni hailipi. Kuteseka si ufundi. Mpeni mashine kazi ya mashine.

Mwisho wake

Mnataka kujua ni katuni gani ilitumika? Ya kwanza. Ile ya mifupa. Kampuni ilisema mistari ya penseli "inaonekana ya bei rahisi" na kwamba hawakuagiza vitu vya mkono. Fundi alilipwa mchoro mmoja, kwa sababu mkataba ulisema mchoro mmoja. Na mkataba huo, wasomaji wangu, niliuandika mimi, siku ile nilipokuwa naamini kwamba programu ndiyo kazi na mchoro ni malighafi. Pesa zangu nilimgawia, lakini jina lake halipo popote kwenye tangazo. Langu lipo, kwenye katuni ambayo vijana wa machinjioni walishaikataa. Hiyo ndiyo hasira iliyoninyamazisha.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Wenzangu waandishi wa programu: kabla hujaandika neno "mchoro" kama mstari mmoja kwenye mkataba, hesabu mikao, na uilipie. Mkitengeneza vifaa, tengenezeni vya kupokea karatasi kwa simu ya kawaida, maana wachoraji wengi wana simu na hawana kibao. Walimu: sekondari msingi siku hizi sanaa na michezo ni somo moja. Basi wapeni watoto karatasi kando ya uwanja wachore mwenzao anavyokimbia. Na wewe kijana uliyeambiwa subiri mpaka upate vifaa: misumari miwili, ubao, kioo na balbu. Anza leo.

Ile programu ya kusafisha michoro ni huria, anayeitaka aniandikie nitamtumia. Ukiona hesabu yangu ya penalti ina kasoro, nisahihishe kwenye maoni. Mimi na fundi tumeanza Dida ya pili, bila kampuni. Safari hii mvua imenyesha na kiwanja ni tope.